Glavu za Darasa la Pili

Mwanamkasi alimimina maji kwenye unga wa chapati, akaingiza mikono, akaduwaa. Mikono haikujua la kufanya. Ilipapasa unga kama mikono ya mgeni.

Bintiye Tunu, wa miaka saba, akavuta kigoda. Akakanda, akakata matonge, akasukuma chapati moja baada ya nyingine, za tabaka tabaka, zile zile za mama yake.

"Tumecheza nazo leo shuleni, za udongo," alisema. "Tulivaa glavu."

Glavu hizo kila mzazi alizijua. Alichojifunza mtoto kwa kucheza akiwa amezivaa kilitoka kwenye mikono ya mzazi wake, na hakikurudi. Ndiyo maana kila muhula wazazi waliletewa fomu wachague cha kutoa. Mwanamkasi alikwishatoa kufunga kamba za viatu. Akahamia ndala, wala hakuona hasara. Lakini fomu ya muhula huu ilimkuta wodini, amejifungua jana yake, akatia sahihi bila kuchagua chochote.

"Mwalimu kasema mama umetoa vyote," Tunu alisema huku akigeuza chapati. "Wenzangu wananionea wivu."

Chumbani mtoto mchanga akaanza kulia. Mwanamkasi akamkimbilia, akamlaza begani, akampigapiga mgongoni polepole mpaka akanyamaza.

Alipogeuka, Tunu alikuwa mlangoni, anaitazama ile mikono kwa makini.

"Kesho," alisema, "tumeambiwa twende na mdoli."