Cheti cha Mwanasesere

Mzazi asiyemaliza kozi ya malezi mtandaoni kufikia Ijumaa, mwanawe hupewa mwenye cheti. Kompyuta ya Zuhura ilikuwa ya mfumo wa zamani, ikaikataa kozi.

"Shoga, hiyo si kompyuta, hiyo ni gesti ya mende!" jirani yake Mwanakombo alimcheka. "Iweke kozi kwenye mwanasesere wa binti yako, yule anayeongea. Yeye ni wa mfumo mpya."

Mwanasesere akauliza maswali yote, Zuhura akayajibu huku akimenya muhogo. Ijumaa jioni cheti kikaja, kwa jina la mwanasesere.

Zuhura alicheka, akapakua chakula. "Tunu, njoo ule."

Mtoto akamgeukia mwanasesere. "Mama, niende kwake?"

"Nenda," mwanasesere alisema kwa upole. "Ila usimzoee."