Karatasi Kumi na Sita za Chumvi

Mzee Sedekia aliishika ile karatasi kwa koleo la makaa, akaiinua juu ili baraza lote la wazee wa kanisa liione.

Wazee watatu walioketi kulia waliona mchawi wa Kizungu mwenye joho jeusi, fuvu mkononi, na mwanamke anayeinuka kutoka kwenye jeneza.

"Uchawi!" wakasema.

Wazee watatu walioketi kushoto waliona upande wa pili: mwanamume mwenye kofia na bastola, akichungulia kwenye tundu la kitasa.

"Uchawi gani? Huyu ni mpelelezi. Hayo ni mambo ya serikali."

"Jeneza hamlioni?"

"Jeneza liko wapi? Hiyo ni bastola!"

Waligombana mpaka mkono wa Sedekia ukachoka na koleo likageuka. Wa kulia wakaiona bastola. Wa kushoto wakaliona jeneza, wakasogeza viti nyuma.

Mshtakiwa, Damari, alikuwa amekaa chini, kanga usoni. Mwaka ule wa 1956 yeye ndiye aliyeongoza waimbaji katika kanisa lile dogo, mlimani juu ya mji wa Mbeya. Mshtaki alikuwa mumewe, Asukile, mpasua mbao. Alisimama karibu na dirisha, amekunja mikono.

"Nimeikuta chini ya mkeka wetu wa kulalia," Asukile alisema. "Anaitazama kila siku. Juzi nimekula ndizi mbichi. Kumwuliza, ananiambia nisubiri, kuna mtu amefungiwa sandukuni."

"Sanduku gani?" aliuliza Sedekia.

"Ndiyo namwuliza na mimi, mzee. Sanduku gani?"

Sedekia akamgeukia mwanamke. "Mama, ukikutwa na hatia unatengwa na kanisa, na unarudi kwa baba yako Tukuyu. Umeipata wapi?"

"Dukani kwa Kamrudin. Ilifungiwa chumvi."

Kamrudin akaitwa. Alikuja na utepe wa kupimia vitambaa ukining'inia shingoni. Alieleza kwamba Mzungu mmoja mfanyabiashara wa mbao kule Mafinga alihama, akamwachia shehena ya magazeti ya kufungia bidhaa. Ndani yake kulikuwa na kitabu kimoja cha picha. Kamrudin alikichana, zikatoka karatasi kumi na sita.

"Umewauzia watu kitabu cha shetani," alisema Sedekia.

"Mzee, mimi nafunga chumvi, sifungi shetani."

"Na lugha hii ni ya kuzimu."

"Ni Kiingereza, mzee."

"Hizo kumi na tano nyingine ziko kwa nani?"

Kamrudin aliwatazama wazee, mmoja baada ya mwingine. "Kwa watu wanaokula chumvi."

Mzee Lutengano alianza kukohoa. Mwenzake akaangalia viatu vyake kama vile amevaa vya mtu mwingine.

"Tumesikia," Sedekia alisema upesi. "Aliyekutwa nayo ni mmoja. Mama huyu atengwe, kesho arudi kwao."

Damari aliinua uso kwa mara ya kwanza, akamtazama mumewe. Mikono ya Asukile ikakunjuka yenyewe.

"Hapana," alisema. "Wazee wangu, kumrudisha kwao ni kumpumzisha. Atakaa juani anasukwa nywele. Mimi nataka aone aibu! Ashike kikapu, apite nyumba kwa nyumba, apige hodi, aseme: mimi ndiye yule mama wa jeneza, nipeni uchafu wangu. Akusanye zote kumi na sita, na Jumapili azichome mwenyewe mbele ya kanisa. Akimaliza nitafikiri kama nitamsamehe."

"Bwana Asukile," alisema Lutengano, "wewe una roho ngumu."

"Ndivyo nilivyozaliwa, mzee."

"Basi na iwe hivyo," alisema Sedekia. "Ila anayetoa karatasi asiulizwe neno."

Hilo la mwisho wote walilikubali kabla hajafunga mdomo.

Kwa siku tatu Damari alipita na kikapu chake, ile karatasi ya koleo ikiwa ya kwanza ndani yake. Milango ilifunguliwa nusu, mkono ukatoka, karatasi ikadondoka, mlango ukafungwa. Alilia kila mahali alipopiga hodi. Wanawake walimwonea huruma.

"Shoga, huyo si mume, ni adhabu," mmoja alimwambia. "Mimi ningemwekea mchanga kwenye maharage."

Jumapili baada ya ibada aliwasha moto. Wazee walisimama mbali, upande ambao moshi hauendi, wakageuza nyuso. Hakuna aliyetaka kuvuta moshi wa mchawi. Kikapu chote kikateketea. Sedekia aliomba sala ndefu, kisha akatangaza kwamba Damari ametakasika na anaweza kurudi kuimba.

Asukile hakumngoja mkewe. Alitangulia kushuka mlima peke yake, na watu wakatikisa vichwa.

Damari alipofika nyumbani, mumewe alifunga mlango kwa komeo. Damari akafungua kanga yake kiunoni, akatandaza juu ya kitanda karatasi kumi na sita, moja baada ya nyingine, kwa kufuata namba zake. Asukile alipiga magoti kando yake, pua karibu iguse picha ya kwanza.

"Umenishtaki vizuri, mume wangu. Yameungua magazeti matupu," alisema Damari. "Ya mwisho alikuwa ameificha Mzee Sedekia mwenyewe, ndani ya kitabu chake cha nyimbo."