Nyumba Moja Isiyo na Maji

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa Machi, asubuhi, pale mabomba ya mtaa mzima yalipoanza kutoa maji.

Watu walishangilia. Ndoo zilijaa, watoto waliloweshana, mwenye duka akaosha mpaka ngazi. Mzee mmoja tu ndiye aliyekaa mbele ya kompyuta yake, uso umemshuka kama mtu aliyeibiwa.

Huyo alikuwa Greda. Jina alilipata kwa kuendesha greda la halmashauri, mpaka siku wakubwa walipompa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani isiyotembea. Shule aliishia darasa la nne. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Binti yake, muuguzi, alipoona baba anashinda kutwa akigombana na redio, alimletea kompyuta mpakato kuukuu na kumwandikisha darasa la wastaafu pale maktaba, ajifunze kutengeneza kanzidata.

"Kanzi nini?"

"Ni ghala la habari, Baba. Unaiwekea habari, kisha unaiuliza swali, nayo inakujibu."

"Bila kuniambia njoo kesho?"

"Papo hapo."

"Basi hiyo haijawahi kufanya kazi ofisini. Ilete."

Ulevi wa kanzidata ukamwingia. Alijifunza kupanga majedwali na kuandika maswali kwa lugha ya mashine. Akisahau nukta mkato, mashine inamkatalia, naye anaitukana kuwa ina tabia za meneja wa maji. Ikikubali, anacheka peke yake mpaka wapita njia wanachungulia dirishani. Na habari alizozipenda kuliko zote zilikuwa za maji. Kila aliyekuta bomba kavu alimtumia ujumbe. Greda alikwenda kuhakiki kwa macho yake, akarudi kuingiza. Kisha alimpelekea meneja matokeo, yamepigwa chapa, asije akasema hakuyaona.

Sasa, Jumanne hiyo, meneja huyo alimpigia simu kwa sauti ya harusi. "Umeona, mzee? Tumerekebisha. Hiyo programu yako ipumzishe."

Greda aliiuliza mashine swali lake la kila siku: nyumba zipi hazina maji leo? Mashine ikajibu: hakuna.

"Si ndicho ulichokuwa unakitaka?" binti alimwuliza.

"Nilikitaka," alisema kwa unyonge. "Lakini si ghafla namna hii."

Jumatano simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwa mshona mapazia wa nyumba ya kona, mjane mcheshi aliyehamia mtaani mwaka uliopita. "Jirani, kwangu hakuna hata tone."

Greda alivaa shati safi, akatoka mbio.

"Umewahi!" mshona mapazia alimpokea, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Kazi ni kazi, dada."

Alifungua bomba. Likakohoa, likanyamaza. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, na mashuka yalichuruzika kwenye kamba, lakini jedwali la Greda halikuwa na nafasi ya mashuka. Akaandika: bomba kavu.

"Hebu nieleze hiyo mashine inavyoulizwa," mama yule alisema, akamsogezea kiti.

Hakuna aliyewahi kumwomba hivyo. Alieleza majedwali, akaeleza nukta mkato, akasimulia na vituko vya wakubwa mmoja mmoja. Yule mama alicheka mpaka pini zikamdondoka. Greda alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Ikawa ndiyo desturi. Kila baada ya siku mbili tatu maji yalikatika kwa mshona mapazia, na kwake tu.

"Nyumba moja, Baba?" binti alishangaa. "Na bomba la mtaa ni lile lile?"

"Ndiyo ujue sasa! Wamekosa wa kumwonea, wamemwona mjane. Hao watu sikuanza kuwajua leo."

Akampelekea meneja matokeo. Meneja akachoka. "Namtuma fundi. Ikiwa kweli, nitakuomba radhi mbele ya mkutano wa mtaa. Ikiwa uzushi, hiyo kanzidata yako isikanyage tena ofisini kwangu."

Greda alikubali. Asubuhi zake zote zilikuwa ndani ya ile kompyuta. Wakiikataa, atarudi kugombana na redio.

Fundi wa mita alikuja na mkoba wake. Greda alisimama pembeni, kifua mbele, kompyuta kwapani. Bomba lilifunguliwa: kavu.

"Umeona?" Greda alinguruma. "Kamwambie bosi wako aanze kukariri maneno ya kuombea radhi!"

Fundi alizunguka nje mpaka getini, penye boksi la mita. Lilikuwa limefungwa kwa kufuli.

"Hili si kufuli letu, mama. Nani ana ufunguo?"

Mshona mapazia alisita. Kisha akaivua tepu shingoni. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye ncha yake. Fundi aliupokea, akafungua boksi, akainama, akazungusha koki kidogo tu. Huko ndani bomba likafoka, maji yakapiga sinki kwa kishindo.

"Koki ilikuwa imefungwa," fundi alisema.

"Wamemfungia!" Greda alipiga kelele. "Mpaka getini kwake wamemfuata! Nani kaifunga? Sema nani, niingize jina lake sasa hivi!"

Fundi alimtazama mzee, akautazama ufunguo mkononi mwake, akamrudishia mwenye nyumba. Kisha akawa na shughuli nyingi sana ndani ya mkoba wake.

Mshona mapazia aliuvaa ufunguo wake tena, akakung'uta vipande vya nyuzi kwenye gauni, akamtazama Greda usoni.

"Na maji yakitoka kila siku, jirani, kwangu utakuwa unafuata nini?"