Simu za Tusekile

Tusekile alikuwa mwelimishaji rika wa wanawake wanaofanya kazi kwenye baa za madereva wa malori, Tunduma. Alipofariki, kituo cha afya kiliendelea kuitumia sauti yake kupitia kompyuta iliyoongea kama yeye, kama sheria ilivyoruhusu kwa kila mhudumu aliyekufa. Mwanamke aliyechelewa kupima VVU alipigiwa simu na Tusekile.

Mdogo wake, Subilaga, naye alikuwa wa baa. Alitakiwa kujipima kwa mate kila miezi mitatu, ndipo apewe vidonge vya kinga. Lakini aliyepima kwa wakati hakupigiwa simu. Basi Subilaga akaacha kupima.

"Suba, hujapima," sauti ilimwambia asubuhi moja akiosha vyombo. "Umekula lakini?"

"Nimekula, dada."

"Vidonge bado unavyo?"

"Ninavyo," akadanganya, akakaa chini asikilize vizuri.

Mwaka ukaisha hivyo. Kisha ikamjia homa isiyoeleweka, akaogopa, akapima. Mistari miwili ikatokea, alama ya maambukizi. Kituoni wakathibitisha, wakampa dawa siku hiyohiyo. Muuguzi akamwambia, "Ukizimeza kila siku, mama, utazeeka kama sisi wote."

Kesho yake saa mbili asubuhi simu ikaita.

"Mdogo wangu, habari nimezipata. Usilie. Sasa nitakupigia kila siku, tumeze pamoja."

Subilaga hakuwa analia. Alijiona kwenye kioo cha kabati, kidonge kiganjani, anatabasamu. Akakigeuzia kioo mgongo.

"Upo?" Tusekile akauliza.

"Nipo, dada," akajibu, akameza.