Taa ya Kijani ya Mama Lusajo

Kila Januari wanandoa hupuliza kipimo cha feniletilamini, ile kemikali ambayo mwili huitoa pendo linapopamba moto. Isipofika kiwango, ndoa inafutwa. Mwaka huu Mama Lusajo alikwenda peke yake kwenye ofisi ya vipimo, kwa kuwa mumewe alipooza, na ni yeye anayemlisha na kumwogesha. Akapuliza. Taa ikawaka nyekundu.

"Pole, mama. Mapenzi yameisha," alisema karani bila kuinua macho. "Mzee atachukuliwa kesho apelekwe makao ya wagonjwa."

"Yameisha?" Damu ilimchemka. "Miaka thelathini na moja! Asubuhi hii nimemkata kucha, nimempondea ndizi, halafu wewe na kidude chako mnaniambia simpendi? Huna haya hata kidogo?"

Alimfokea hivyo kidude kikiwa bado mbele ya mdomo wake. Taa ikageuka kijani.

"Hongera," karani akasema, akagonga muhuri.

Nyumbani alibandika maji jikoni, hasira bado haijamtoka. Sasa alijua: hasira nayo huitoa kemikali ileile, na kidude hakiwezi kuitofautisha na pendo. Kila Januari itambidi kwanza amchukie mtu, ndipo aruhusiwe kumwogesha mumewe.