Mafuta Yanayopotea Sepuka

Witness alipaka povu la sabuni kwenye kiungo cha mwisho cha bomba, akainama kusubiri. Panapovuja, povu huvimba kama shavu la mtoto mwenye pipi. Hili halikuvimba. Lilikaukia kwenye upepo wa kijiji cha Sepuka, likaacha alama nyeupe.

"Na hapa hapavuji!" alisema, akaitupa brashi chini.

"Njoo ule," mama mkwe wake, Febronia, aliita kutoka jikoni. "Huo mtambo hauna tumbo, wewe unalo."

Mtambo wenyewe ulikuwa tangi la chuma lililolazwa juu ya tanuri, nyuma ya nyumba ya wakwe zake. Lilimeza oili chafu iliyokusanywa kwenye gereji za Singida mjini, nyeusi kama masizi ya sufuria. Humo ilichemka pamoja na kichocheo, punje ngumu zilizofanana na uwele, ambazo kazi yake ni kama ya hamira kwenye maandazi: kidogo tu, lakini bila yenyewe hupati kitu. Mvuke ulipopoa, yalidondoka mafuta mazito, safi, rangi ya chai ya rangi. Viwanda huyanunua kutengenezea oili mpya ya injini.

Tatizo lilikuwa kiasi. Linaingia pipa zima, linatoka nusu, na alivyosoma chuoni ilitakiwa robo tatu. Witness alipunguza moto, maana moto ukizidi mafuta hukatika yakawa mepesi kama dizeli. Hayakuongezeka. Akabadilisha kichocheo. Wapi! Hata usingizini sasa alikuwa anakaza nati.

"Baba, safari hii tumepata kiasi gani?" aliuliza kila mpiko wa oili ulipokwisha.

"Nusu hivi, mwanangu," Mzee Alute, baba mkwe wake, alijibu kutoka mlangoni mwa ghala. "Na hiyo tushukuru."

Kupokea mafuta ilikuwa kazi ya mzee. Aliiomba mwenyewe, kwa kuwa Witness hakuweza kuuacha moto. Aliyakinga kwa madumu, akayapima, akayaweka ghalani. Mkamwana haingii ghala la baba mkwe wake, na kupima tena alichokwisha kupima mzee ni kumwita mwongo mbele ya watu.

Mchana ule akaja Benson, mwenye mtambo, amepanda fuso tupu na wapakiaji wake. Patano lao lilikuwa wazi. Mafuta waligawana naye sawa kwa sawa. Wakifikisha robo tatu, angewaletea mtambo wa pili, mkubwa kuliko huu. Wasipofikisha hadi mavuno, angeondoa hata huu. Na uwele ulikuwa umeshavunwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, mgeni wetu."

"Mmevunaje mwaka huu?"

"Tumepata vya kuonja tu."

"Na ng'ombe?"

"Vipo viwili vitatu, vya kusukumia siku." Vumbi la kundi lake lilikuwa bado halijatua njiani.

"Haya, na mafuta?"

Mzee alitazama vidole vyake vya miguu. "Nusu. Leo hata nusu haikufika."

Benson alimgeukia Witness. "Injinia, mimi nilileta mtambo au mtungi uliotoboka?"

"Hauvuji, kaka Benson. Nimepaka sabuni kila kiungo. Nipe mpiko mmoja tu."

"Basi kinachovuja ni hicho kichwa."

"We kijana!" Febronia alitoka na mwiko mkononi. "Huyo ni mkamwana wangu. Maneno hayo kaongee huko kwenu."

"Nisamehe, mama. Lakini mtambo naondoka nao."

Wapakiaji wa fuso walianza kuyagonga mabomba kwa nyundo. Witness hakuvumilia kuona yakipinda. Alichukua spana akafungua mwenyewe nati moja baada ya nyingine, huku machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni, wala hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na oili. Fuso lilipoondoka, uwanjani kulibaki majivu na duara jeusi.

Mzee Alute alisimama njiani akilisindikiza kwa macho mpaka likapotea.

"Ameondoka kabisa?"

"Ameondoka, baba."

"Hatarudi?"

"Arudi kufuata nini?"

Mzee alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: aliufungua mlango wa ghala hadi mwisho, akampungia mkono. "Njoo, mwanangu. Leo nimekuruhusu, ingia."

Witness alivua viatu, akaingia. Macho yalipozoea giza aliona magunia ya uwele yamepangwa hadi darini, na nyuma yake madumu, safu juu ya safu, hata pa kukanyaga hapakuwepo. Alifungua moja, akachovya kidole. Mazito. Rangi ya chai.

"Baba... haya ni ya lini?"

"Ya kila mpiko. Nilikuwa natenga kwanza, ndipo napima." Mzee alitabasamu, akayapiga madumu makofi mepesi kama mtu anayembembeleza ndama. "Sasa unalia nini? Mgeni kabeba chungu tu. Chakula hakukiona."