Kifaa Chini ya Ngozi

Fundi wa vifaa vya tiba alikitazama kioo cha kompyuta yake ya mkononi mara ya pili. Kifaa kilichopandikizwa mwilini mwa mama huyu, ili kiligutushe kwa umeme tumbo lililogoma kusukuma chakula, kilikuwa kimezima. Tangu siku ya upasuaji hakuna aliyekiwasha. Kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha kukiwasha.

Mama alikuwa amelala chali, blauzi ameipandisha, na uvimbe mdogo kama kiberiti ulionekana kando ya kitovu.

"Nilikuwa natapika hata maji, mwanangu. Nilibaki mifupa mitupu. Leo nimekula mayai mawili, na la tatu mume wangu kaninyima, mchoyo yule!" Akacheka mpaka uvimbe ukacheza. "Nikilala nakisikia kinadonoa, kama kifaranga ndani ya yai."

Kidole cha fundi kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuwashia, kwenye kompyuta ile.

"Mbona unasita? Kimeharibika?"

"Hakijaharibika, mama."

"Basi usikiguse," akasema, akaufunika uvimbe kwa kiganja, taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala.

Kidole cha fundi kilikuwa bado juu ya kitufe, hakijabonyeza.